Kwa nini "knife" ina K: niliyoyaongea Jumamosi mbele ya walimu

(Niliongea haya kwenye kikao cha walimu wa lugha na wanafunzi wao. Mvua ilikuwa inapiga bati na nusu ya watu hawakusikia kitu, ndo wakaomba niandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, ila hapa na pale nimeongezea nilichosahau.)

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu, poleni na kazi. Na nyie vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango ili mkimbie mapema, mambo vipi, nawaona.

Nianze na kisu. Nikiwa darasa la sita mwalimu alinisimamisha nisome, nikafika kwenye neno knife, na mimi nikalisoma kama lilivyoandikwa, ki-ni-fe. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka mpaka akashika meza, na toka siku hiyo hadi namaliza la saba jina langu likawa Kinife. Kuna jamaa mmoja mpaka leo tukikutana stendi ananiita hivyo hivyo, mtu mzima ana wajukuu. Sasa imenichukua miaka mingi sana kuja kugundua kwamba siku ile sikukosea kihivyo. Nilichelewa tu. Nilichelewa kama miaka 400 hivi.

Maana mwaka 1476, William Caxton alipofungua kiwanda chake cha kuchapa vitabu pale Westminster, cha kwanza Uingereza nzima, watu walikuwa wanaitamka ile K. Kisu kilikuwa "kniif". Goti, knee, lilikuwa na K yake inasikika kabisa. Usiku, night, ilikuwa "nikht", na ile gh katikati ni kh kama ya watu wa Unguja wakisema kheri au khamsini, inatoka kooni. Hakuna aliyekaa akasema tuweke herufi za kuwatesa watoto wa watu huko mbele, waliandika walichosikia, basi. Shida ni kwamba kitabu kilisimama na mdomo ukaendelea kutembea. K ikaja kufa mdomoni miaka ya 1600 huko, lakini kwenye karatasi ikabaki, kama duka lililofungwa zamani ila kibao bado kinaning'inia mlangoni.

Haya, hebu chukueni kalamu, andikeni maneno manne: name, time, see, moon. Mmeandika? Sasa someni kama ni Kiswahili, msiogope, leo hakuna wa kuwacheka.

(Hapa walisoma kwa sauti, na-me, ti-me, se-e, mo-on, na wakacheka wenyewe kwa wenyewe.)

Hongereni. Mmeongea karibu sawa na mtu wa London wa mwaka 1400. Kweli kabisa sitanii. Zile irabu tano mlizofundishwa chekechea, a e i o u, zilikuwa ndo zao pia, a yao a yetu, i yao i yetu. House ilikuwa "huus". Halafu kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi kikatokea kitu ambacho mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, alikuja kukiita mhamo mkuu wa irabu, na mimi naomba niwaelezee kwa daladala maana sijapata mfano mzuri zaidi ya huo. Konda anapiga bodi, sogeeni nyuma, sogeeni nyuma! Irabu ndefu zote zikasogea siti moja. A iliyokuwa mlangoni ikaenda kukaa alipokuwa e, ndo name ikaacha kuwa naam ikaanza kuelekea neem. E ikaenda alipokuwa i, ndo see ikawa sii. O ikaenda alipokuwa u, ndo moon ikawa muun. Sasa wale i na u walikuwa tayari wako siti ya mwisho kabisa, nyuma yao kuna kioo tu, wakasukumwa wakatokea dirishani! I ikavunjika ikawa "ai", time ikawa taim. U ikavunjika ikawa "au", huus ikawa haus. Mpaka leo wataalamu wanabishana nani alisukuma kwanza, wa mlangoni au wa nyuma. Wengine wanasema sababu ni msongamano wa London wenyewe, maana mji huo ulikadiriwa kuwa na watu 50,000 hivi mwaka 1500, kufika 1600 wako 200,000 hivi, na wengi ni wageni waliotoka mikoani kila mtu na lafudhi yake, na mkikaa pamoja kila mtu anataka kuongea kama yule anayeonekana wa maana.

Na ubaya ni kwamba mashine ya Caxton iliingia daladala ikiwa katikati ya safari. Yaani picha ilipigwa watu wakiwa bado wanahama siti. Ndo hiyo picha mnayoifanyia mtihani.

Huyu Caxton namuonea huruma kidogo, alikuwa mfanyabiashara, amekaa karibu miaka 30 ng'ambo huko Bruges, Ubelgiji ya leo, na maeneo yale, anarudi kwao anataka kuuza vitabu anakuta hajui aandike Kiingereza cha nani. Mwaka 1490 akaandika kisa kimoja kwenye dibaji ya kitabu alichokitafsiri, na hiki nitakisimulia taratibu maana nakipenda. Wafanyabiashara walikuwa kwenye meli mto Thames wanaelekea Zeeland huko Uholanzi, upepo ukakata. Wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao aliyeitwa Sheffield akaingia nyumba moja akaomba chakula, na hasa akaomba "eggys", mayai. Mama mwenye nyumba akamjibu, samahani mimi sijui Kifaransa. Jamaa akakasirika, maana yeye mwenyewe Kifaransa hakijui, yeye anataka mayai tu! Mwenzake akaingilia akasema mama, huyu anataka "eyren". Aaah, mama akasema hapo nimeelewa.

Mwingereza na Mwingereza, nchi moja, yai moja. Eggs lilikuwa neno la kaskazini lililoletwa na mabaharia wa Skandinavia zamani, eyren lilikuwa la kusini. Sisi tunayajua haya, nenda Darajani ukaulize nyanya uone kama hawatakuelekeza kwenye tungule, tofauti ni kwamba pale watakuelewa na watakutania. Caxton akauliza, sasa mtu aandike nini siku hizi, egges au eyren? Jibu mnalijua kila mkinunua chipsi mayai mkaamua kujifanya wazungu. Kaskazini ilishinda, na haikushinda kwenye mayai tu. Ile s ya he loves, she has, nayo ni ya kaskazini. London walikuwa wanasema loveth na hath, ile s ikaingia polepole kwa njia ya mdomo, watu wa kawaida sokoni wanasema has wakati vitabu vya heshima bado vinang'ang'ania hath. Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611 imejaa eth mwanzo mwisho, na mtaani zilikuwa zinasikika za kizee tayari.

Halafu kuna herufi ambazo hazikuwahi kuwa mdomoni kabisa, hizi ndo zinaniuma. Deni, debt. Waingereza walilitoa neno kwa Wafaransa wakaandika dette, safi, unasoma unachoona. Wakaja wasomi waliolewa Kilatini wakasema jamani mbona Kilatini ni debitum, pale pana b, turudishe b! Wakaichomeka. Doubt hivyo hivyo. Shakespeare aliwacheka watu hawa, ana mwalimu mmoja kwenye mchezo uliochapwa mwaka 1598 anayelalamika kwamba watu wanatamka det badala ya kutamka d, e, b, t yote. Na island ndo aibu zaidi, neno lilikuwa iland tu, la kwao wenyewe, wasomi wakadhani limetokana na insula ya Kilatini wakalipa s ambayo siyo yake. Kwahiyo ile s mliyokatwa maksi kwa kuisahau ni kosa la mtu mwingine. Na ghost inasemekana ilipewa h na vijana wapanga herufi wa Caxton waliozoea kuandika Kiflemi, lugha ya kule Bruges.

Msifikiri basi kulikuwa na sheria wakati huo. Mpanga herufi mstari ukiwa mfupi anaongeza e mwisho wa neno, ukizidi anaitoa, hakuna wa kumuuliza. Shakespeare mwenyewe tumebaki na saini zake sita na hakuna hata moja inayofanana na jina tunavyoliandika leo.

Sasa niwaambie kitu ambacho vijana hamtaamini. Lugha hii ilikuwa inaonewa aibu. Na wenyewe! Mwaka 1578 John Florio, mtoto wa Muitaliano aliyezaliwa London, alitoa kitabu cha kufundishia Kiitaliano, na ndani yake kuna mazungumzo mtu anaulizwa unaonaje Kiingereza, anajibu ni lugha itakayokufaa ukiwa Uingereza, ukivuka Dover haina thamani yoyote. Dover ni bandarini kwao pale, yaani ukipanda boti tu imeisha kazi. Na ilikuwa kweli. Miaka 13 baadaye, mwishoni mwa 1591, meli ya James Lancaster ilitia nanga Unguja ikakaa mpaka Februari 1592, ni miongoni mwa meli za kwanza za Kiingereza kufika huku, na walivyoandika wenyewe ni kwamba Wareno walishawahi kuwaambia wenyeji hawa ni wakatili wanakula watu, msiwasogelee. Ndo sifa waliyokuwa nayo pwani yetu. Lugha za kuuliza bei zilikuwa zetu na ya Mreno, meza na bendera na leso tulizipata kwa Mreno, cha kwao hakikuwa na nafasi.

Na nyumbani kwenyewe msomi anayejiheshimu aliandika Kilatini. Roger Ascham alipoandika kitabu cha kulenga mshale mwaka 1545 ilibidi ajieleze kwanza kwa nini ameamua kutumia Kiingereza, kwamba jambo la Kiingereza kwa lugha ya Kiingereza kwa watu wa Uingereza. Akasema Kilatini kingekuwa rahisi kwake! Newton kitabu chake kikubwa cha 1687 ni Kilatini, kile cha mwanga cha 1704 ndo akaandika Kiingereza. Mahakamani hukumu na kumbukumbu ziliendelea kuandikwa Kilatini mpaka sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733 ilipofuta hilo. Sisi tulibadilisha yetu 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kuna watu wakalalamika istilahi hazitoshi, nendeni mkasome, wanasheria wa London walilalamika hivyo hivyo.

Istilahi sasa, hapo palikuwa na vita. Miaka ya 1500 maneno yakaingia kwa maelfu kutoka Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kiitaliano, na watu wakagawanyika. Wapo waliosema yanakuja mengi mno, wakayaita maneno ya pembe ya wino, ile pembe ya ng'ombe waliyowekea wino wakati huo, yaani maneno ya mtu anayeonyesha amesoma. Thomas Wilson mwaka 1553 akatunga barua ya kejeli, jamaa mmoja anaomba kazi ya kanisa, anajimwaga kwa maneno mazito mpaka huelewi anataka nini. Watu walivunjika mbavu. Lakini ukiifungua barua ile leo unakuta celebrate ipo, dexterity ipo, mundane ipo, capacity ipo. Maneno ya kuchekwa yale, leo ni ya kawaida! Na mengine yaliyokuwa pembeni yake, ingent, revoluting, yamekufa. Hakuna aliyepiga kura, watu waliyatumia mengine wakayaacha mengine.

Upande wa pili alikuwepo Sir John Cheke, profesa wa Kigiriki pale Cambridge na mwalimu wa mfalme Edward wa Sita, mtu mkubwa. Huyu alitaka Kiingereza kiandikwe kisafi, bila kuchanganywa wala kukatwakatwa kwa kukopa kopa. Akaanza kutafsiri injili ya Mathayo, akida wa askari mia akamwita "hundreder", yaani mwenye mia, na mwenye kifafa cha mbalamwezi akamwita "mooned", aliyepigwa na mwezi. Mi naona yalikuwa maneno mazuri tu. Ila kuna kichekesho, kwenye ile ile sentensi ya kudai usafi alitumia neno pure, na hilo pure limekopwa! Kama yule mzee wetu wa redioni anayetuhimiza tuongee lugha fasaha, lugha Kiarabu, fasaha Kiarabu.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko hawa wote hakuwa na cheo. William Tyndale alitaka Biblia ambayo kijana mshika jembe ataielewa, akakataliwa London akahamia Ujerumani, Agano Jipya lake likachapwa Worms mwaka 1526 na likaingizwa Uingereza kwa magendo ndani ya marobota ya vitambaa. Vitabu vikikamatwa vinachomwa. Yeye mwenyewe alikamatwa, mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake ukachomwa huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Miaka mitatu haijaisha vizuri mfalme Henry wa Nane, huyo huyo ambaye enzi yake vitabu vilichomwa, akaamuru Biblia ya Kiingereza iwekwe kila kanisa, na ndani yake kazi ya Tyndale ilikuwa imejaa tele, na ile ya 1611 nayo ikajaa. Scapegoat ni neno lake. Kila wiki mtu fulani ofisini anabebeshwa zigo la wenzake na neno la kumwita limetoka kwa mtu aliyechomwa.

Nimesema niende haraka lakini thou siwezi kuiruka. Kiingereza kilikuwa na wewe na nyinyi kama sisi. Thou mtu mmoja, ye au you wengi. Halafu wakaiga adabu ya Wafaransa, mkubwa unamwita nyinyi hata akiwa peke yake, thou ikabaki ya mtoto, mtumishi, mpenzi, na ya matusi. Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh anashtakiwa kwa uhaini kule Winchester, mwendesha mashtaka Edward Coke hasira zikampanda akamwambia, nakuita thou, wewe msaliti! Sisi tunaielewa hii bila mkalimani. Mtoto akimwambia mzee "we!" nani hajui kinachofuata? Miaka ya 1650 wakatokea Wakweka, wafuasi wa George Fox, wakasema mbele ya Mungu wote sawa, wakawa wanamwita kila mtu thou, jaji thou, tajiri thou, kofia hawavui. Walipigwa, walitukanwa, wengine jela. Kwa neno moja dogo la wewe. Mwishowe watu wakaona salama ni kumwita kila mtu you, hata paka, na thou ikafa mjini. Na ndo maana leo hawana wingi, wanahangaika na you guys na nini, wakati walikuwa nao wakautupa.

Na kwenye Biblia mkiona thou msidhani ni heshima ya juu, pale ni umoja tu, Mungu anaitwa thou na shetani anaitwa thou.

Kamusi nitasema kwa kifupi mvua inaongezeka. Robert Cawdrey 1604, maneno magumu kama 2,500, hayo tu, magumu. Samuel Johnson 1755, maneno kama 42,000, na toka hapo spelingi ikagandishwa, na makosa yake yote, b ya debt ndani, s ya island ndani, K ya kisu changu ndani. Kama kuna maswali niulizeni.

(Binti mmoja wa fomu tuu akauliza, kwahiyo akiandika "nait" kwenye mtihani atampa nani hayo maelezo. Nikamwambia asithubutu, atakosa na mimi sitakuwepo. Halafu mzee mmoja aliyekaa mbele, ambaye muda wote nilidhani amesinzia, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, yule Sheffield mayai alipata?" Nikamwambia mzee wangu, Caxton hakuandika. Alifika pale mama anaposema ameelewa, akaanza kulalamika habari za maneno. Mzee akatikisa kichwa. "Basi huyo mwandishi," akasema, "alikuwa ameshakula.")